Keki Iliyoliwa Juu ya Jeneza

Mdogo wangu Eliakunda, Kunda kwetu nyumbani, alikuja Uingereza kusomea udongo, lakini ungemwona ungedhani amekuja kukagua vyungu vya watu. Alikuwa na daftari. Kila chakula cha Kiingereza alichoonja alikiandika na kukipa alama: pai ya nyama na figo, saba, soseji ya damu, nane, njegere za kuponda, mbili, "na hizo mbili ni za huruma, dada." Mimi niliyeishi Shropshire miaka kumi na moja nikiuguza wazee wao sikuwa nimeonja hata nusu ya vile. Nilimcheka sana.

Alipanga chumba kwa Bi Preece, mjane wa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wangu. Bi Preece alikuwa mpishi hodari, mchache wa maneno, akiishi na kaka yake Edwin, mzee asiyetoka chumbani mwake. Mwezi wa pili wa Kunda pale, Edwin akafa. Jeneza likawekwa sebuleni likiwa wazi, na Jumanne saa nne asubuhi majirani wakaja kuaga. Yaliyotokea humo nayasema kama Kunda alivyonisimulia.

Watu tisa walisimama wameegemea ukuta. Hakuna aliyeshika hata kikombe. Bi Preece akamwita Kunda, akamsimamisha upande wa pili wa jeneza, kisha akanyoosha mikono juu ya kifua cha maiti. Mkono mmoja ulishika keki yenye mbegu za kunukia za kisibiti, wa pili bakuli la mti lenye bia.

"Wewe si unapenda vyakula vyetu vya zamani?" alinong'ona. "Hiki ndicho cha zamani kuliko vyote. Kula, mwanangu. Usibakize."

Kunda amelelewa kwetu Machame, Kilimanjaro. Chakula cha msibani hakikataliwi, hata kama umeshiba, hata kama kinakukera. Akala. Akanywa. Wengine wote walimtazama tu. Mzee mmoja akavua kofia, akashusha pumzi kama aliyetua gunia, na Bi Preece akalitupa bakuli motoni palepale. Jioni ile Kunda aliandika daftarini: keki ya msiba, tisa.

Siku ya tatu akaja kwangu. Nilikuwa nimempikia ndizi na nyama. Akaonja kidogo, akaweka kijiko chini.

"Dada, kila kitu kina ladha ya maji ya kisima."

Nikamwambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Wiki mbili zikapita na hakuna kilichopita kooni mwake. Hospitali walimpima kila kitu wasione kitu. Mimi ni muuguzi, namjua mtu anayekufa kwa njaa. Nikamhamishia kwangu, nikamlaza kwenye kochi. Mchana mmoja akanishika mkono.

"Nilimsukuma," alinong'ona.

"Nani?"

"Dilys. Ana miaka sita. Aling'ang'ania ukingo wa kisima. Nikambandua vidole. Kimoja kimoja."

"Kunda, hujawahi kumwona mtoto wa jina hilo."

"Najua. Lakini vidole vyake navikumbuka."

Nikaendesha gari mpaka kwa Bi Preece. Alifungua mlango akitabasamu, mashavu yamejaa, mapazia ya nyumba nzima yako wazi.

"Ulimlisha nini mdogo wangu?"

"Madhambi ya Edwin," alisema, sauti ya chini kabisa. "Kijiji kizima walikataa kuyala. Desturi wanaijua. Yeye alikubali."

"Hakujua, mama!"

"Alikula."

"Basi yaondoe!"

"Hayaondoki. Huhamia kwa atakayekula juu ya maiti ya aliyeyabeba." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Hutangoja sana."

Akafunga mlango taratibu.

Sikungoja afe. Nilimkuta Kunda amelala, kifua kinapanda kwa shida. Nyumbani kulikuwa na mkate wa juzi na chai. Nikanyoosha mkono juu ya kifua chake. Niliogopa, sifichi. Niliwaza kuuweka mkate ule chini, nikawaza vidole vya mtoto, nikawaza mama yetu akipokea jeneza uwanja wa ndege. Nikala. Nikanywa. Hakuna kitu. Nikajiona mjinga.

Kunda akafumbua macho.

"Dada, nina njaa. Hakuna chipsi?"

Nililia huku nakata viazi. Akala sahani nzima, akaongeza, akalamba chumvi vidoleni. Kisha akaacha kutafuna.

"Dada. Mkono wako."

Nikatazama. Mkono wa kulia wa sweta yangu ulikuwa umelowa. Mpaka begani. Maji ya baridi, yenye harufu ya mawe na kuvu. Na pale kwenye kiwiko, katikati ya nyuzi, ulikuwa umenasa unywele mmoja. Mrefu. Rangi ya majani makavu.

Kunda alihitimu, akarudi Machame. Hamkumbuki Dilys. Namkumbuka mimi. Nimeandika wosia kwamba siku nikifa, mtu yeyote asile wala asinywe katika chumba nilicholazwa. Kunda ananigombeza kwenye simu: "Msiba gani huo, dada? Nitakuja mwenyewe, nitawapikia watu." Namwambia asithubutu, naye anacheka.

Sweta iko bafuni, nimeianika. Huu ni mwaka wa nne, na bado inachuruzika.