Kabla Gari Halijaondoka

Gari-nyumba lilikutwa limeinamisha pua kati ya majabali mawili, asubuhi, maji yakiwa bado yamekupwa. Aliyelikuta ni mwenyewe, mzee mgane aliyekuwa akiishi humo. Alitoka alfajiri kutembea ufukweni, kama kawaida yake, na aliporudi akakuta nyumba yake imemtangulia baharini.

Sajini alifika peke yake; kituo chake cha polisi hakikuwa na askari wa kumsindikiza. Alihamishiwa pwani hiyo mwanzoni mwa mwaka, na mpaka leo chumba chake kilikuwa na kiti kimoja, kwa kuwa hakujatokea mtu wa kukalia cha pili.

Maji yalishaanza kurudi. Bahari ingefuta kila kitu muda si mrefu, kwa hiyo alivua viatu akashuka.

Harufu ya gesi ilimpokea mlangoni. Aliwaashiria watu wa kambi waliokuwa juu ukingoni wakae mbali, akafungua madirisha, akapapasa mtungi. Mpira wa gesi ulikuwa umechomoka, na mtungi wenyewe haukuwa umefungwa. Akaufunga. Kisha akatazama bila haraka. Breki ya mkono haikukatika, iliachiliwa. Godoro lilikuwa limerushwa hadi kwenye usukani pamoja na ndala za mzee. Lakini makabati yote yalikuwa yamefungwa kwa mikanda ya mpira, kila mlango na mkanda wake, na ndani hakuna hata sahani iliyopata ufa. Kikombe cha udongo chenye maua ya bluu kilikuwa kimesimama wima kana kwamba kinangoja kutiwa chai.

Alipopanda tena, maji yalikuwa yameshafika magurudumuni.

Juu, pale gari lilipokuwa limeegeshwa, palibaki meza ya kukunja, hema, na nyasi zilizopauka kwa kukosa jua. Kabari mbili za mbao, zile zinazowekwa kwenye magurudumu gari lisiteleze, zilikuwa zimetupwa nyasini, moja huku na moja kule. Sajini alipokwisha kuzikagua, mzee aliziokota. Akazifuta mchanga kwa kiganja, akapiga hatua kwenda kuzitundika, ndipo akakumbuka kwamba hakuna tena pa kuzitundika. Akabaki nazo mkononi.

Sajini alianza na msimamizi wa kambi ile ya wasafiri.

"Nilimwonya," alisema msimamizi. "Nikamwambia, mzee, sogea nyuma, hapa ukingoni pana mteremko. Akaniambia nikafagie vyoo."

"Ukakasirika?"

"Afande, kwa kazi hii nimeshaambiwa mabaya kuliko hayo, tena na watoto wadogo. Wewe muulize mwanawe. Jana jioni walirushiana maneno, kambi nzima ikasikia. Alisema bora bati hilo lingeingia baharini."

Mwana wa kiume alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kidogo. Dada yake alimwita Meneja tangu utotoni, kwa sababu hata mchezo wa kujificha aliufungua kwa kikao.

"Nilisema, ndiyo," alijibu Meneja. "Ilikuwa hasira. Nina vyumba viwili vitupu nyumbani, na baba yangu analala kwenye bati. Wewe usingesema?"

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hemani, nimelala."

"Nani alikuona?"

"Mtu akilala peke yake anaonwa na nani?"

Sajini alishusha macho hadi mikononi mwake. Swali lile alilijua vizuri.

"Viganja vyako vina michubuko."

"Nilishuka majabalini kwa mikono na magoti. Nilidhani Baba yumo ndani." Akageuka upande wa bahari.

Kitinda, binti wa mwisho, alimsogezea Sajini kikombe cha chai. "Kunywa, Afande. Umelowa." Alikuwa amekuja na kaka yake kwa wikendi moja, alisema, kumshawishi baba yao arudi nyumbani. Alfajiri alikuwa bafuni. Msimamizi hakukumbuka kumwona, wala hakukumbuka kutomwona.

"Mzee wangu," Sajini aliuliza, "nani mwingine angeweza kuingia?"

"Yeyote. Sifungi mlango. Tangu mama yao afariki nazunguka kila mahali tulipowahi kupiga kambi, na sijaibiwa hata kijiko." Mzee alizigeuza zile kabari mapajani. "Zamani hizo gari haliondoki mpaka kila mtu amalize kazi yake. Mimi kabari, naziondoa na kuzitundika nyuma. Meneja gesi. Kitinda, akiwa mdogo hivi, makabati. Mama yao anatuhesabu. Asipotuhesabu, siwashi gari. Siku moja alituhesabu mara tatu, kumbe anajisahau mwenyewe."

Walicheka wote. Chini yao wimbi liligonga bati.

Sajini aliweka kikombe chini. "Mtungi wa gesi ulikuwa wazi," alisema.

Meneja alisimama. "Wazi? Mbona... Baba angeingia humo na kiberiti?"

"Keti, Meneja." Sajini alizungumza taratibu. "Mtu wa nje angeachia breki, akaondoa kabari, akaenda zake. Vyombo vingemhusu nini? Aliyefanya hivi alifunga makabati yote, kama mtu anayesafiri. Mzee, ungekuwa wewe, kabari zisingekuwa nyasini. Hata leo ulitaka kuzitundika. Meneja angefunga gesi kabla hajagusa breki. Amebaki mtu ambaye hajawahi kufunga gesi, kwa sababu haikuwa kazi yake."

Hakuna aliyemtazama Kitinda. Kwa hilo Sajini alijua kwamba wote wameelewa.

"Makabati sikuyafikiria," alisema Kitinda. "Mikono ilifanya yenyewe."

"Wewe?" Meneja alisema. "Mimi ndiye ninayepiga kelele."

"Ndiyo. Wewe unapiga kelele, Baba anakaa." Alimgeukia baba yake. "Nimwambie Kaka, au utamwambia?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Mwezi uliopita aliteleza kule chini," Kitinda alisema. "Mguu ukabanwa kwenye jabali, maji yanajaa. Akanipigia simu. Kaka, hakuniomba msaada. Aliniaga. Aliniuliza kama nimekula, kisha akaniaga. Nikasikia maji. Bahati wakatokea watu wakamtoa. Na akaniapisha nisikuambie. Nimelala na ile sauti ya maji kila siku, peke yangu. Nikaona kama gari halipo, atarudi nyumbani."

"Na kama ningekuwa ndani?" mzee aliuliza.

"Nilifungua pazia, nikakuita. Nikapapasa kitanda, nikatazama chini ya meza." Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. "Nilihesabu, Baba. Nilihesabu kama yeye."

Mzee alitazama chini majabalini. Maji yalikuwa yameingia madirishani.

"Humo ndani nilikuwa namsikia," alisema mwishowe. "Mama yenu. Nikidhani nyie mna maisha yenu, hamhitaji kelele za mzee."

"Mali ni yako," Sajini alimwambia. "Unataka kumshtaki?"

"Huyu?" Mzee alitikisa kichwa. "Nilimwachia mzigo usio wa umri wake. Mwache, mwanangu. Niliaga vibaya."

Sajini alimkabidhi kile kikombe cha maua ya bluu. Alikuwa amekitoa akakiweka mfukoni mwa koti, na hakumweleza mtu kwa nini. Mzee alimpa kabari badala yake. "Zichukue. Pwani hii ina miteremko."

Adhuhuri waliingia kwenye gari la Meneja. Meneja alishika ufunguo, hakuuzungusha. Wote watatu walikaa wakitazama mbele.

"Hatujahesabiwa," alisema mzee.

Kitinda aligeuka. "Kaka. Baba. Mimi." Akanyamaza kidogo pale palipokuwa na jina la nne. "Tumetimia."

Gari likaondoka. Sajini alibaki ukingoni mpaka bahari ilipofunika paa. Kisha akaondoa kabari kwenye magurudumu ya gari lake, akaingia, na kabla ya kuwasha aligeuka akatazama viti vya nyuma, kimoja kimoja.