Pumzi ya Kikongwe wa Katuni

Wenzake walimtania kwa jina la Bi Vishindo, maana kazi yake ilikuwa kutia sauti kwenye filamu za katuni. Kikongwe wa kuchorwa alikuwa mistari tu mpaka Bi Vishindo avae makubadhi na kuyaburuza sakafuni. Hapo mtazamaji akajua magoti yanamuuma kikongwe. Alifanya kazi peke yake, ndani ya chumba kilichozibwa kuta zote, na tangu mumewe afariki hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Asubuhi moja, akisikiliza kazi ya jana, alimsikia kikongwe akishusha pumzi. Pumzi hiyo hakuirekodi yeye.

Mwongozaji wa filamu alifurahi. "Mama, hapo umemaliza! Sasa huyu bibi ni mtu kabisa."

"Si yangu," Bi Vishindo alisema.

"Ya nani basi, ya jini?" Mwongozaji akacheka, akaenda zake.

Alipobaki peke yake, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Sauti ikamnong'oneza kwenye vipokea sauti alivyovaa masikioni: "Nimepata umbo, sina sauti. Nigawie zako."

Mwili ulimsisimka. Lakini ulikuwa umepita muda mrefu mno tangu mtu amwombe kitu.

"Chukua," akanong'ona.

Alipokoroga chai, kijiko hakikulia. Akabamiza mlango: kimya. Akatoka mbio koridoni, akamwita mfagiaji, akamwita tena huku akipiga makofi mpaka viganja vikamuwaka, na mfagiaji, aliyempa mgongo, akaendelea kufagia taratibu kana kwamba nyuma yake hapakuwa na kiumbe, ndipo Bi Vishindo akarudi chumbani na kumkuta kikongwe kwenye skrini, ambayo hakuiwasha, akitembea kwa mlio wa nyayo za Bi Vishindo na kukohoa kikohozi chake.

Simu ikawaka bila kulia. Alikuwa mdogo wake, aliyeishi mji wa mbali. Akaipokea.

"Dada? Nina wasiwasi na wewe. Nije?"

Bi Vishindo alifumbua kinywa, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikutoka kitu. Kwenye skrini, kikongwe alimgeukia, akajibu kwa sauti yake Bi Vishindo:

"Usijisumbue, mdogo wangu. Mimi mzima."

"Alhamdulillahi," mdogo mtu akasema, akicheka kwa faraja. "Tangu shemeji atutoke, leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia una furaha."

Akakata simu.