Jicho la Kulia la Yusra

Katika picha za kwanza alizopiga Yusra, watu wote walikuwa wamefumba macho.

"Mkono wako bado mzito," alicheka Bwana Abdulwahid, mpiga picha mstaafu wa Mkunazini aliyekuwa akimfundisha. "Unabonyeza wakati wanapepesa."

Yusra hakucheka. Muuza kahawa, mashoga zake wa Forodhani, mama yake Bi Mwanakheir, wote walikuwa wakimtazama macho wazi alipowapiga. Lakini kamera ilikuwa kuukuu, urithi wa marehemu babu yake Masoud, na yeye ndiyo kwanza anajifunza.

Siku ya pili Bi Mwanakheir aliamka, macho yakakataa kufunguka. Daktari hakuona ugonjwa. Yusra alipotoka kwao Kikwajuni kwenda kutafuta dawa, alimkuta muuza kahawa naye anaongozwa njia kwa mkono.

Alikimbilia kwa Abdulwahid. Wakajifungia chumba cha giza, wakaisafisha upya picha ya mama, kubwa zaidi. Harufu ya dawa ikapotea, ikaja ya karafuu mbichi, nzito, kama mtu kaingia nayo nguoni, na chini ya taa nyekundu uso wa Bi Mwanakheir ukaanza kupanda juu ya karatasi, kwanza kidevu, kisha mdomo, kisha vidole virefu visivyo na kucha, vilivyotokea nyuma ya kichwa chake na kuyakandamiza macho yake, na mle katika beseni la dawa kidole kimoja kikainuka taratibu, kikatulia, kikawa kinamwelekea Yusra.

"Unaviona?"

"Naviona. Usivitaje. Soma dua, mwanangu, soma."

Alasiri ile ile waliitwa kwa Bi Tahiya, mganga, ambako Bi Mwanakheir alikuwa keshapelekwa na kufukizwa ubani.

"Mwanakheir!" aliita.

"Naam," ilijibu sauti isiyokuwa ya Mwanakheir. "Masoud alinikuta naoga kisimani Kizimbani. Nilimwambia afumbe macho. Akanipiga picha. Basi watafumba wote, hadi nilipwe jicho."

"Masoud keshakufa," Bi Tahiya alinong'ona.

"Kamera haikufa."

Yusra alipiga magoti. "Chukua langu. La kulia, ndilo nnalochungulia kamerani. Mwachie mama."

"Yusra, usi—" Abdulwahid alidakia.

Alikuwa keshasema. Moshi ukakatika. Bi Mwanakheir akafumbua macho, akamwona binti yake, akaangua kilio. Muuza kahawa naye alirudi barazani jioni ile, mzima, na wengine wote waliopigwa picha wakafumbua macho.

Jicho la Yusra halikupofuka. Ila halifumbiki, hata usingizini, na haliuoni tena mji. Linaona kisima, mikarafuu, na mgongo wa mwanamke anayejimwagia maji.

"Siku za mwanzo alinipa mgongo kabisa," alimwambia Abdulwahid, sauti chini. "Sasa nshaanza kuliona shavu."