Klasi ya Korongo

Siku ya soko Litein, Quinter alikuwa ameinama juu ya lundo la mitumba, pindo la sketi yake ya kahawia limeloa matope, aliposikia mwanamume akimwambia muuzaji, "Nipe hiyo fulana yenye picha ya meli ya Mwewe."

"Hiyo si Mwewe," Quinter akasema bila kuinua kichwa. "Ni Korongo. Hesabu injini."

Mwanamume akahesabu. Alikuwa mrefu, amevaa ovaroli ya buluu, mikono inanuka dizeli na majani mabichi. "Ni nne," akakubali. "Kumbe hapa kuna mtu mwingine anayetazama Anga Nane!"

"Tuko thelathini na mmoja. Tuna grupu ya WhatsApp, na mimi ndiye admin. Leta namba. Lakini ukisema klasi ya Mwewe, nakutoa."

Ndivyo Mosoti, dereva wa mashine ya kuchuna chai, alivyoingia kwenye grupu, kisha moyoni. Ugomvi wa grupu ulikuwa mmoja, wa miaka. Katika Anga Nane, filamu ile ya mfululizo, meli za mizigo za angani huitwa klasi ya Korongo, kwa kuwa meli ya kwanza kuundwa iliitwa Korongo. Msimu wa tatu ikaungua. Basi wageni wakataka klasi nzima iitwe Mwewe, jina la meli mpya inayong'aa. Wakongwe wakakataa: jina ni la aliyetangulia.

Kila jioni Mosoti alipiga simu kubishana.

"Beb, meli imekufa. Utawaitaje wazima jina la marehemu?"

"Kwani nyinyi Wakisii hamrithi majina?"

"Tunarithi! Mimi hili Mosoti ni la babu."

"Basi nyamaza."

Mosoti akacheka mpaka bando likaisha.

Jumapili Quinter alimpeleka kwao, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, amwone mamake, Eddah. Walimkuta mlangoni na kilemba cheupe, shingo ndefu, mgongo umepindwa na miaka ya kubeba kikapu cha chai.

"Mama," Mosoti akasema, "wewe ndiye Korongo mwenyewe!"

Eddah alilipenda jina. Likabaki.

Alhamisi moja Eddah alirudi nyumbani saa nne asubuhi, na mwavuli mpya mkononi. Miaka ishirini na sita ya kuchuna, kampuni imemshukuru kwa mwavuli, na barua: nyumba aiache mwisho wa mwezi. Mashine zilipoletwa mara ya kwanza, wachunaji walikusanywa uwanjani wakaahidiwa kwamba hakuna atakayeachishwa. Wakapiga makofi. Quinter alikuwa na miaka tisa. Makofi yale hajayasahau mpaka leo.

Simu ikalia. Ni grupu. Mosoti ameandika: "Korongo imezeeka, imeisha. Tusonge mbele na Mwewe."

Quinter akasoma mara tatu, akampigia.

"Umeandika nini?"

"Ha! Umekasirika? Leo nimeamua kukumaliza, mrembo."

"Mashine yako iko shamba gani?"

"Namba kumi na mbili. Tumeanza leo. Kwani?"

Namba kumi na mbili ndiko mamake alikochuna.

"Kweli umenimaliza," akasema, akakata. Akamtoa kwenye grupu, akamfungia namba.

Wiki tatu alifunga vyombo kwenye magunia. Hakulia. Alikuwa amechoka tu, ule uchovu ambao usingizi hauuondoi. Siku ya soko akabeba sufuria tatu akaziuze Litein. Mosoti akamkuta hapo, hana ovaroli, amevaa gambuti, jembe begani.

"Sikujua ni shamba lake," akasema.

"Ungeuliza ni la nani."

"Ningeuliza." Hakujitetea. Akamkunjulia nakala ya barua waliyompelekea meneja.

Quinter akasoma: *Sisi wa klasi ya Korongo hatutahama kabla shule hazijafungwa.* Jina la kwanza, Eddah. Chini yake wachunaji sitini. Mwishoni kabisa, madereva wanne wa mashine.

"Mama alitia sahihi lini?"

"Siku ile ulienda Merigi kutafuta nyumba. Alinipa uji, akasema nisikwambie mpaka majibu yatoke."

"Na majibu?"

"Meneja aliuliza kama Korongo ni chama kipya cha wafanyakazi." Quinter aliuma mdomo asicheke. Mosoti akaendelea, "Wametupa muda mpaka Desemba. Mimi wamenitoa kwa mashine. Sasa napalilia."

"Desemba si ushindi, Mosoti."

"Si ushindi. Lakini babu alichuna hapa hapa, akafukuzwa hapa hapa. Nimebeba jina lake miaka thelathini, na bado nikasema la aliyetangulia lifutwe."

Quinter akamtazama yale magambuti, matope mpaka magotini.

"Kwa hivyo wewe ni klasi gani?"

"Ya Korongo."

"Hesabu injini."

"Moja tu," akasema. "Na imechoka."

"Mbili," Quinter akasema. Akaitoa sufuria kubwa kwenye zile za kuuzwa, akampa aibebe mpaka nyumbani.