Nyigu wa Ng'ambo ya Ua

Fundi cherehani alifuga nyuki nyuma ya nyumba. Wifi yake, dada wa mumewe, naye alifuga, ng'ambo ya ua. Lakini asali iliyosifiwa ni ya wifi. Hata mume wa fundi aliisifu, tena akiwa mezani kwa mkewe! Fundi aliona wivu mpaka chakula hakishuki.

Asubuhi moja, akianika nguo, alimwona nyigu mgeni mbele ya mzinga wa wifi. Alikuwa mkubwa, mweusi, miguu ya njano. Alielea mlangoni, akamdaka nyuki, akaenda zake. Redioni walishatangaza: ukimwona nyigu huyu, toa taarifa.

"Yamfike," fundi akajisemea. "Maringo yamezidi." Akaendelea kuanika.

Haukupita muda, nyuki wake nao wakapungua. Mzinga mmoja ukawa kimya kabisa. Fundi akapandwa na hasira, akaenda penye ua kumwita wifi.

"Wifi, umewawekea nyuki wangu dawa?"

"Mimi? Na wangu wanaokwisha, wamewekewa na nani? Kwako nimeona minyigu siku nyingi!"

"Uliiona ukanyamaza?"

"Kwani wewe ulisema?"

 Wifi akapiga simu kutoa taarifa.

Bwana nyuki, yaani afisa wa ufugaji nyuki, alifika mchana.

"Msiwachokoze nyigu hawa, wakishambulia ni kundi zima. Kaeni mbali, pigeni picha, mtupigie siku hiyohiyo. Semeni mmewaona wapi na wameruka kuelekea wapi. Hivyo ndivyo tunavyokipata kiota. Haya, wa kwanza alionekana lini?"

Fundi akajibu, "Kitambo. Alikuwa kwake, nikasema acha awamalize nyuki wake."

"Na mimi hivyohivyo," wifi akasema, akiinamisha uso.

"Nyigu hajui ua ni wa nani," afisa akasema.

Kiota kilikutwa juu ya mti nyuma ya ghala. Watu wa afisa walikitoa, wakiwa na mavazi ya kujikinga. Nyuki wakaanza kuongezeka. Siku hizi nyigu akipita tu, wawili hao hushindana nani atapiga simu kwanza.

Mzinga mmoja wa fundi ulibaki mtupu, na ulimuuma kila alipoutazama. Ndipo siku moja kundi jipya likatoka kwa wifi, likavuka ua, likaingia humo.

"Wifi, hao ni wangu!" dada wa mumewe akaita kutoka ng'ambo.

Fundi akacheka mpaka machozi. "Kumbe hata nyuki hawajui ua ni wa nani!"