Mgonjwa Aliyetangulia

Bibi yangu Resiato hakuwa mtu wa maneno mengi, na habari hii alinisimulia mara moja tu. Ilimpata enzi za Wajerumani, baba yangu Saning'o akiwa bado ananyonya.

Siku hiyo ilianza kama nyingine. Alikamua ng'ombe, akapika uji, akamwachia mama mkwe wake mtoto, kisha akashuka kutoka Moshono kwenda nyumba ya dawa iliyokuwa karibu na boma la Wajerumani. Siku tatu nyuma alijikata kiganja kwa panga akiangusha mgomba, na sasa mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko.

Wagonjwa waliketi chini, juani. Mfunga vidonda, Mmeru mmoja aitwaye Aminieli, aliwaita kwa kidole na kuwafokea kama mbuzi walioingia shambani. Aliyelia aliambiwa akalie kwao. Zamu ya bibi ilipofika, Aminieli hakumgusa.

"Wewe nimeshakuhudumia asubuhi," alisema. "Bendeji yangu umeitupa wapi?"

"Ndiyo kwanza nafika, baba."

"Usinichezee. Resiato, mke wa Meitamei, wa Moshono. Umesema mwenyewe."

Bibi hakuwa amemtajia mtu yeyote jina lake.

Alifungua majani aliyofungia kidonda, akamwonyesha. Aminieli alitazama usaha, kisha akamtazama usoni. Ukali wote ukamwisha.

"Yule hakuwa na kidonda," alinong'ona. "Alinilazimisha nifunge mkono mzima. Nikifunga, anacheka."

"Amekwenda wapi?"

"Alisema anawahi kunyonyesha."

Bibi alimwomba angalau dawa. Aminieli alimsukuma hadi nje.

"Usirudi hapa," alisema. "Wala usinitaje."

Komeo likalia nyuma ya mlango.

Bibi alikimbia njia nzima. Alimkuta mama mkwe uani, anachambua maharage.

"Umesahau nini tena?" mama mkwe aliuliza bila kuinua kichwa. "Mtoto umeshamchukua."

"Nimemchukua lini, yeyo?"

"Si sasa hivi tu, mwanangu."

Kisha mama mkwe akainua kichwa. Akauona ule mkono uliovimba, hauna bendeji. Ungo ukamponyoka.

Majirani walitafuta kila upande. Bibi ndiye aliyemwona mtoto, chini ya migomba, kando ya kijito. Alikuwa amelazwa juu ya jani bichi, macho wazi. Halii. Tope lilimzunguka pande zote, laini, halina hata unyayo mmoja. Tumbo lilikuwa limejaa. Maziwa yalikuwa yakimtoka mdomoni. Bibi aliyafuta kwa kidole. Yalikuwa ya baridi kama maji ya mlimani.

Tangu siku hiyo mtoto hakulishika tena ziwa la bibi. Akipewa maziwa ya ng'ombe, anageuza uso. Mkono wa bibi ulipona taratibu kwa majani ya nyumbani, lakini maziwa yake yalikauka, na ukoo mzima ukawa unangoja kifo cha mtoto.

Hakufa. Alinenepa. Kila asubuhi mlango ulikutwa umefungwa kwa ndani kama walivyouacha, na mtoto ameshiba, kidevu kimelowa.

Siku alipoanza kusema, bibi alikuwa nyuma yake, anachochea moto. Neno lake la kwanza lilikuwa "yeyo", mama.

Alilisema akitabasamu, akitazama mlangoni.