Udhuru wa Alhamisi

Mama Pasi alifanya kazi kwenye dobi kubwa la mjini, akinyoosha mashuka ya hoteli. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuna mkunjo uliomshinda.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na mkunjo mgumu. Mumewe alikuwa amepata kiharusi, na mguu wa kushoto ukalegea. Kila Alhamisi asubuhi alihitajika hospitali kwa mazoezi. Mtaalamu alisema, "Njoo naye, mama. Ujifunze kumshika na kumnyoosha. Tukichelewa, mguu utakakamaa."

Mama Pasi aliogopa kuomba ruhusa. Msimamizi wao alizungumza Kiingereza kazini, na yeye alikijua cha kuombea maji tu. Tena aliamini kwamba bila balaa hakuna ruhusa. Alhamisi ya kwanza akasema jino linamuuma. Ya pili, tumbo. Ya tatu akamzika shangazi yake.

"Pole sana, mwenzetu," wafanyakazi wakamwambia. "Jumapili tunakuja wote kukupa pole."

Jioni alifika nyumbani. Shangazi alikuwa jikoni akimenya viazi, akipiga soga na jirani yao, dada wa mapokezi hotelini.

"Shangazi, nisamehe. Kazini nimesema umekufa."

Kisu kikamponyoka shangazi. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, niambie nimekufa kwa ugonjwa gani, nisije nikakosea mbele ya wageni!"

"Usicheke! Wakijua, nitafukuzwa. Na nisipokwenda hospitali, baba watoto hatasimama tena."

Jirani alimwacha apumue kwanza. Halafu akauliza, "Mtu akikualika na huwezi kwenda, unasemaje?"

"Nasema nina udhuru."

"Basi. Kwa Kiingereza utasema, *I have a personal commitment.* Maana yake, kuna jambo langu binafsi nililokwisha kuahidi, siwezi kuliacha. Si lazima utaje mguu wa mtu."

"Hawataniuliza ni jambo gani?"

"Wakiuliza, useme utakacho, ila kiwe kweli. Lakini sikiliza, dada. Neno hili si blanketi la kufunikia uvivu. Sema mapema, si asubuhi ile ile. Taja saa utakayorudi, na urudi. Ukiahidi, umejifunga."

Usiku ule Mama Pasi aliyarudia maneno yale akiosha vyombo, mpaka mumewe naye akayajua.

Asubuhi alisimama mlangoni kwa msimamizi.

"*I have a personal commitment*," akasema, "*every Thursday morning*." Kiingereza kikaishia hapo. Akaendelea kwa Kiswahili, "Nitafika saa sita na kumaliza mashuka yangu yote. Na shangazi yangu hajafa. Nilisema uongo kwa hofu. Naomba radhi."

Msimamizi alivua miwani.

"Unajua kilichonisumbua?" akasema, naye kwa Kiswahili. "Si kukosekana kwako. Ni kutojua. Mashuka yanarundikana, sina mtu wa kuziba pengo. Ungesema mapema, ningekupanga zamu ya mchana tangu mwanzo."

"Kwa hiyo sifukuzwi?"

"Hufukuzwi. Lakini uongo uishe leo. Na wenzako utawaambia mwenyewe. Mimi simfufui mtu."

Mama Pasi alitoka akicheka na kulia kwa pamoja. Wenzake walimtania wiki nzima. Akavumilia, maana utani ni mwepesi kuliko uongo.

Tangu hapo kila Alhamisi alifika dobini kabla ya saa sita, na jioni meza yake ilikuwa tupu. Msimamizi hakuwahi kumuuliza aendako.

Asubuhi moja, katika chumba cha mazoezi, mumewe alisimama kati ya vyuma viwili. Mama Pasi alimshika kiunoni kama alivyofundishwa.

"Leo hutazami saa," mumewe akasema.

"Wanajua nitafika saa ngapi."

Mumewe akaunyanyua mguu wa kushoto, polepole, akauweka mbele. Jasho likamtiririka.

"Sasa niachie, mke wangu."

Akamwachia. Hakuanguka.